Noti Tano za Bi Mwanaisha

Vijana wa dirisha la malipo mmenisumbua mpaka nimekaa chini. Ati, "Mzee, tuandikie, usije ukastaafu ukaondoka na mambo yako yote kichwani." Haya, naandika. Lakini anayetafuta humu nilipanda cheo lini na nilikuwa napata kiasi gani, aache kusoma hapa hapa. Cheo nilikipata kwa kuzeeka, kama wengi wenu mtakavyokipata, na mshahara haukuwahi kunitosha hata mwezi mmoja. Nitaandika kazi ilivyokuwa. Na nitaandika kosa langu, lile ambalo mnalisimulia nusunusu wakati wa chai mkidhani sisikii.

Nilianza wakati wa Mwingereza, miaka ya hamsini, kijana wa misheni kutoka Tabora, suruali mpya na viatu vinavyobana. Ofisi yetu ya nyumba za serikali ilikuwa kibanda cha mabati cha vyumba vitatu kule Temeke, kando ya nyumba zilizojengwa miaka michache nyuma. Nyumba zenyewe nzuri: matofali ya saruji, bati juu, vyumba vitatu, na jiko uani. Ziliuzwa kwa mafungu. Mtu analipa shilingi ishirini kila mwezi kwa miaka kadhaa, akimaliza anapewa hati, nyumba inakuwa yake yeye na watoto wake. Akikosa miezi minne mfululizo, nyumba inarudi ofisini na aliyolipa yote yamekwenda. Hayo yalikuwa kwenye mkataba, kwa herufi ndogo, na mimi niliyaona ya kawaida kabisa kwa sababu hayakunihusu.

Karani mkuu alikuwa Bwana Pinto, Mgoa, mtu mwembamba, shati jeupe siku zote na kalamu mbili mfukoni. Siku ya kwanza nilijitayarisha kumweleza shule niliyosoma na alama nilizopata. Hakuniuliza. Alinipa nibu mbili, karatasi ya kufyonzea wino, na chupa mbili, moja ya wino mweusi na moja ya mwekundu. "Mweusi ni wa kuandika," akasema. "Mwekundu ni wa kusahihisha, na huugusi mpaka nikuambie." Kisha akanifunza kushika leja, maana leja ile ilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili, na ukiifungua vibaya inapasuka mgongo. Mpaka leo nikiona kijana ananyanyua leja kwa jalada moja, natamani kumzaba kibao.

Jambo jingine alilonifunza lilikuwa hili: mtu akija kulalamika, usimwambie amekosea mpaka umefungua kitabu chako mwenyewe. Nililiitikia vizuri, "Ndiyo, Bwana," nikalisahau kabla ya chakula cha mchana.

Tulikuwa na tarishi pia, Mzee Sefu, Mzaramo, kofia ya kiua, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, basi mzee huyu hakunipa nafasi ya kupumua. Nikimpa shikamoo, ananijibu, "Marahaba, mpagazi wangu, mzigo umeutua wapi?" Bwana Pinto akiuliza nani kamwaga wino, Mzee Sefu yuko mbele, "Nani tena kama si huyu wa porini?" Nilikasirika wiki mbili. Wiki ya tatu nikaanza kumjibu, tukawa marafiki.

Kazi yangu ilikuwa dirishani. Mtu analeta fedha, namwandikia stakabadhi juu ya karatasi ya kaboni, nakala inabaki kitabuni, kisha najaza kadi ya nyumba yake. Kadi ilikuwa na vijumba, kijumba kimoja kwa kila mwezi. Watu wengi hawakuja wenyewe. Jirani mmoja alitumwa na mtaa mzima, anakuja na fedha za nyumba tatu, nne, anazitaja moja moja, nazijaza moja moja. Hilo lilikuwa jambo la kila siku, na ndilo lililonitia matatani.

Asubuhi moja akaja mama mmoja mtu mzima, buibui lake safi, sauti yake inamtangulia. Bi Mwanaisha, wa nyumba namba kumi na mbili, mjane wa Kizaramo, muuza vitumbua. Mumewe alikuwa mpishi wa Wazungu, alifariki kabla hawajawahi kukaa kwenye nyumba isiyo ya kupanga. Alifungua pindo la kanga akatoa noti tano za shilingi ishirini ishirini.

"Za nyumba hizi, mwanangu," akasema. "Tumechanga sie watano, mie na jirani zangu."

Nyumba za mstari ule zilikuwa tano, namba kumi na moja mpaka kumi na tano. Noti tano, wanawake watano, nyumba tano. Jamani, mngekuwa nyie mngeandikaje? Mimi niliandika stakabadhi ya shilingi mia: nyumba namba kumi na moja hadi kumi na tano, fungu moja moja. Nikajaza kijumba kimoja kwenye kila kadi. Nilijisikia fundi. Bi Mwanaisha akaitazama karatasi, akaiona ile mia na mhuri, akanishukuru akaenda zake. Sikumsomea. Alikuwa na watu nyuma yake.

Wiki ile ile homa ikanilaza hospitali, na niliporudi Bwana Pinto akanitoa dirishani akaniweka ndani kwenye leja. Dirisha akapewa mwenzangu mwingine. Miezi ikapita, na sikumfikiria tena Bi Mwanaisha.

Alirudi siku moja ya Alhamisi, mkononi ana barua ya ofisi. Mwenzangu hakuwa ameingia kazini, nikatoka mimi kumsikiliza. Barua ilisema nyumba namba kumi na mbili haijalipiwa miezi minne, na kwamba Jumamosi itarudishwa ofisini, wakazi wahame.

"Nisomee," akasema, "maana mpangaji wangu kanisomea nikamwona mwongo."

Nikamsomea. Nikafungua kadi yake, vijumba vinne vya mwisho vitupu. Nami, kwa ule ujuaji wa kijana mwenye tai, nikamwambia, "Mama, ni kweli. Hujalipa miezi minne. Barua za kukukumbusha ulizipata?"

"Nilizipata. Nikafunikia nazo mtungi. Mtu aliyemaliza deni anakumbushwa nini?"

"Hujamaliza, mama."

"Mie?" Akatoa stakabadhi, imekunjwa vizuri ndani ya kitambaa. "Hii nini? Mia hii! Na si weye uliyenipa? Si weye Mnyamwezi wa dirishani?"

Niliutambua mwandiko wangu. Nikamsomea kwa sauti: namba kumi na moja hadi kumi na tano, fungu moja moja.

Akauliza polepole, "Nani alikuambia uwalipie kina Bi Zuhura kwa fedha zangu?"

"Si ulisema mmechanga watano?"

"Tumechanga, ndiyo! Upatu! Weye hujui upatu?"

Sikuujua. Nasema ukweli mbele yenu wote. Misheni walinifunza mto mrefu kuliko yote Ulaya, lakini hawakunifunza upatu, na mjini nilikuwa nalala chumba kimoja Kipawa na vijana wenzangu wa bara ambao nao hawakuujua. Bi Mwanaisha akanieleza, kiganja chake kinapiga meza. Wanawake wa mstari ule walikuwa wamebakiza mafungu matano matano kumaliza nyumba zao. Wakaona badala ya kila mmoja kudokoa ishirini ishirini, wacheze upatu: kila mwezi wote watano wanatoa ishirini, mia nzima anapewa mmoja, anakwenda kuimaliza nyumba yake mara moja. Mwezi wa pili anapewa mwingine, hivyo hivyo mpaka wote watano wamemaliza. Bi Mwanaisha ndiye aliyekuwa kijumbe, yaani mkusanyaji, na kura ilimwangukia yeye kuwa wa kwanza. Ile mia ilikuwa ya nyumba yake peke yake, na tangu siku ile aliendelea kutoa ishirini kila mwezi kwa wenzake bila kukosa.

"Wenzangu wote wamemaliza," akasema. "Mie niliyewakusanyia ndiye nihame? Mwanangu, kila kitumbua nilichokaanga tangu mume wangu afe kimo ndani ya kuta zile. Nikitolewa pale nakwenda wapi?"

Nilimwomba anisubiri barazani, na hapo ndipo nilipokumbuka kufungua kitabu changu mwenyewe.

Tulikuwa na ukurasa mwishoni mwa leja tuliouita hesabu ya kungojea. Fedha iliyozidi au isiyojulikana ni ya nani iliandikwa huko, ingojee mwisho wa mwaka. Nikaushuka ukurasa ule kwa rula. Shilingi ishirini, imezidi, nyumba namba kumi na moja. Mwezi uliofuata, ishirini, imezidi, namba kumi na tatu. Kisha kumi na nne. Kisha kumi na tano. Kila jirani alipoleta mia yake alikuta kadi yake inadai themanini tu, kwa sababu mimi nilikwishamjazia kijumba kimoja kwa fedha ya Bi Mwanaisha, na mwenzangu wa dirishani akaitupa ile ishirini iliyobaki kwenye kungojea bila kuuliza. Ishirini nne ni themanini. Bi Mwanaisha alikuwa anadaiwa themanini. Fedha yake yote ilikuwa ndani ya ofisi, haikupotea hata senti, na tulikuwa tunamfukuza kwa kuidai mara ya pili.

Mnaniuliza kama niliogopa. Niliogopa sana! Mwezi uliotangulia karani mmoja alifukuzwa kwa kuchelewa mara tatu. Na kosa lile hakuna aliyeliona isipokuwa mimi. Ningesema tu, "Mama, karatasi ndivyo inavyosema," angelia, angehama, na mimi ningeendelea kula mshahara. Nilikaa na wazo hilo kwa muda ambao sijivunii. Halafu nikamsikia barazani anamwambia Mzee Sefu, "Huyu kijana ana uso wa mtu mzuri, atalitengeneza." Nikanyanyuka nikaenda kwa Bwana Pinto.

Nilimweleza yote nimesimama. Alisikiliza, akageuza kurasa, akahesabu kwa kidole.

"Umekula?" akaniuliza.

"Hapana, Bwana."

"Kale. Mtu mwenye njaa anakiri hata mambo ambayo hakuyafanya. Ukirudi, uniambie tena."

Nikaenda nikanywa chai ambayo sikuionja, nikarudi, nikamwambia tena vile vile. Akavaa koti lake. Tukaingia kwa bwana mkubwa wa ofisi, Mzungu mrefu aliyejua Kiswahili vizuri kuliko alivyotaka tujue. Bi Mwanaisha akaitwa. Habari zilikwishamtangulia mtaani, maana majirani zake wanne nao walikwishafika, wamejaa mlangoni, Bi Zuhura mbele.

Bwana mkubwa aliitazama stakabadhi. "Karatasi inasema nyumba tano. Sasa mnaniambia nyumba moja. Nikibadilisha karatasi kwa maneno ya mdomo, kesho watakuja watu mia, kila mtu na maneno yake. Themanini za kungojea ni za hao walioleta. Nataka maandishi."

Na kusema haki, hakuwa mjinga. Ningekuwa mimi ningeuliza hivyo hivyo.

"Maandishi?" Bi Mwanaisha akashangaa. "Si mngesema tangu asubuhi!"

Akaingiza mkono ndani ya mkoba wa ukili, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu. Ndani yake mistari imejaa, herufi za Kiarabu, nzuri, zimesimama sawasawa kutoka kulia kwenda kushoto. Ilikuwa hesabu ya upatu, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, kwa herufi alizofunzwa chuoni akiwa mtoto. Sisi wote pale tulikuwa tumemweka kwenye kundi la wasiojua kusoma. Kadi yake ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa mkono wangu.

"Nani anaweza kusoma hii?" bwana mkubwa akauliza.

Tukatazamana, makarani wenye vyeti. Bwana Pinto hakuweza. Mimi sikuweza. Kutoka mlangoni ikasikika sauti ya tarishi, "Mie hapa, Bwana."

Bwana mkubwa akasema Mzee Sefu asome mstari mmoja mmoja, na Bwana Pinto atazame kitabu cha fedha cha ofisi, bila kusema kilichomo mpaka mstari uishe. Mzee Sefu akavaa miwani, akapiga bismillahi.

"Zamu ya pili. Bi Zuhura, nyumba ya kumi na moja, shilingi mia, Jumatatu, tumekwenda naye mie na mama Hadija."

Bwana Pinto akashusha kidole. "Ipo. Siku ile ile."

"Zamu ya tatu, mama Hadija, nyumba ya kumi na tatu. Mia. Mvua ilinyesha, tukachelewa, karani akafunga dirisha, tukalipa kesho yake."

"Ipo. Siku ya pili yake," akasema Bwana Pinto, na mara hii hata yeye alitabasamu.

Zamu ya nne ikawepo, ya tano ikawepo. Daftari la muuza vitumbua lilikubaliana na kitabu cha serikali siku kwa siku, shilingi kwa shilingi. Zaidi ya hapo, lake lilikuwa na sababu, letu halikuwa nazo.

"Sasa ya kwanza," akasema bwana mkubwa.

Mzee Sefu akarudisha ukurasa. Akanitupia jicho, akasoma. "Zamu ya kwanza, mie Mwanaisha, nyumba yangu ya kumi na mbili, shilingi mia. Nimemaliza nyumba, alhamdulillahi. Karani mpya, kijana Mnyamwezi, ana haraka."

Chumba kizima kikacheka. Nikacheka na mimi, macho yananiwasha. Nikasogea mbele nikasema kwamba mstari ule ni wa kweli, kwamba fedha ililetwa ya nyumba moja, nami niliigawa bila kuuliza na bila kumsomea, na kosa ni langu peke yangu. Bi Zuhura akadakia kutoka mlangoni, "Na ishirini zilizo kwa jina langu ni zake! Sizitaki! Nyie, nani anazitaka?" Wenzake wakajibu kwa mkupuo kwamba hakuna.

Bwana mkubwa akalifunga daftari taratibu, akamrudishia Bi Mwanaisha kwa mikono miwili. Hilo nililiona kwa macho yangu, na katika miaka yangu yote sikumwona tena akimpa mtu kitu kwa mikono miwili. Akaniambia, "Utasahihisha wewe, kwa mkono wako, na utatia sahihi kila mahali. Na hati ya nyumba iandikwe leo. Si Jumamosi. Leo."

Hapo vigelegele! Sijui kama mabati yale yaliwahi kupigiwa kelele vile. Mama Hadija alimkumbatia Mzee Sefu mpaka kofia ikamtoka, na watu wa barabarani wakasimama wakiulizana nani anaolewa ofisini. Bwana Pinto akanisogezea chupa ya wino mwekundu. Nilisahihisha kadi tano na mistari minne ya kungojea. Nilijaza vijumba vinne vya Bi Mwanaisha kimoja kimoja, na sijawahi kufurahi kuandika kama siku ile.

Hamjaniuliza kwa nini siku zote niliwalazimisha kumsomea mtu stakabadhi yake neno kwa neno, hata foleni ikifika barabarani. Mlidhani ni ukorofi wa uzee. Basi sasa mnajua, na anayebaki dirishani aendelee hivyo hivyo.

Hati iliandikwa, ikapigwa mhuri, ikawekwa mezani mbele ya Bi Mwanaisha. Mimi, kwa mazoea, nikamsogezea kidau cha wino wa kutia dole gumba. Akakisukuma kando kwa kidole kimoja.

"Nipe kalamu," akasema. "Lakini nisomee kwanza. Yote. Usiruke hata neno, mtani."

Nikasimama nikasoma. Majirani wakasogea, makarani wakaacha kazi zao, bwana mkubwa akasimama kwenye mlango wa chumba chake. Nikasoma namba ya kiwanja, mipaka yake minne, bei iliyolipwa na kwisha. Nikafika mahali paliposema kwamba nyumba hii, pamoja na ardhi iliyo chini yake, ni mali ya Mwanaisha binti Shomari, na hakuna mtu mwenye haki ya kumtoa.

Akainua mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyafuta.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.